Naomba ushauri: nihamie Buguruni karibu na treni au nibaki Chanika?

Mama Zai

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Kariakoo. Nakaa Chanika na binti yangu, yuko darasa la pili. Naamka saa 10 alfajiri, nagombania daladala mpaka Gongo la Mboto, nagombania nyingine mpaka mjini. Nikirudi saa 3 usiku namkuta amelala kwa jirani, namnyanyua na sare zake za shule. Jumapili ndiyo siku tunayoongea.

Sasa dalali amenipatia chumba na sebule Buguruni kwa Mnyamani, hatua kama mia mbili tu kutoka inaposimama treni ya Pugu. Kodi ni 130,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Chanika nalipa 60,000. Soko, zahanati na mashine ya kusaga vyote ni vya kwenda kwa mguu. Shule ipo pia, ila iko ng'ambo ya reli.

Nauli sasa hivi inanila kama 3,000 kwa siku. Naogopa kelele, naogopa mtoto na reli, na naogopa kutoa akiba yangu yote kwa mkupuo. Mliokaa maeneo hayo naomba mnisaidie mawazo.

Jirani wa Reli

Pole dada yangu. Nimekaa Buguruni miaka kumi na moja, watoto wangu watatu wamekulia hapo.

Kelele zipo. Wiki ya kwanza utaamka kila honi ikipigwa. Na sio treni ya abiria wa mjini tu, hiyo ni ya asubuhi na jioni. Reli hiyohiyo ya zamani ndiyo inayobeba mizigo ya kwenda bara, na mizigo haichagui saa. Kwangu vikombe vilikuwa vinagongana kabatini, nikaweka kitambaa katikati ya kila kimoja. Mwezi wa pili nilikuwa silisikii tena behewa. Mama yangu alipokuja kutoka Kilosa alikesha siku tatu.

Kitu kimoja nakuomba usikiache: usiende kuona chumba saa 6 mchana. Madalali wengi wanapeleka watu muda huo kwa sababu reli imelala. Nenda saa 12 asubuhi, kaa ndani ya kile chumba, funga mlango, sikiliza. Halafu toka nje uangalie watoto wa shule wanapita wapi.

Kalamu na Daftari

Tupige hesabu. 3,000 kwa siku 26 ni 78,000. Kutoka Buguruni, nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa kuwa 600 mwezi Desemba 2023, kwa hiyo kwenda na kurudi 1,200, sawa na 31,200 kwa mwezi. Unaokoa 46,800. Kodi inaongezeka 70,000. Maana yake unaongeza kama 23,000 kila mwezi, na hapo nimehesabu daladala tu.

Kwa hiyo 23,000 unapata saa tatu, nne za kila siku. Fundi akipata saa moja zaidi mezani ameshairudisha, na zinazobaki ni za mtoto. Kinachouma ni ile 910,000 ya kuanzia. Mwombe mwenye nyumba miezi mitatu kwanza. Wengine wanakubali wakiona mpangaji ni mama mwenye kazi yake, hasa chumba kikiwa kimekaa muda bila mtu.

Mzee wa Ilala

Binti yangu, treni ya mjini ilipoanza Oktoba 2012, ikienda Ubungo kabla ya hii ya Pugu, sisi tulipanda kwa shilingi 400, watu wakaipa jina la waziri wa wakati ule, treni ya Mwakyembe. Itakufaa sana wewe wa Kariakoo, maana ukishuka kituo cha Kamata unafuata Mtaa wa Msimbazi kwa mguu, dakika kumi na kitu uko sokoni.

Lakini usihamie kwa ajili ya treni peke yake. Kuna siku haitakuja, na mchana haipo. Uzuri wa Buguruni ni kwamba ukiikosa unatoka Barabara ya Uhuru, daladala zinapita muda wote: Malapa, Ilala Boma, Karume, umefika. Na siku huna hata nauli, unatembea. Mimi nimeitembea njia hiyo miaka mingi, haizidi saa moja. Kutoka Chanika hutembei.

Kigingi

Mkuu, mimi niliondolewa kwenye nyumba ya namna hiyo nikiwa nimebakiza miezi minne ya kodi niliyolipa. Nyumba ilikuwa ndani ya hifadhi ya reli, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya reli, na mwenye nyumba alijua. Kabla hujatoa hata shilingi, angalia ukutani kama kuna alama ya X nyekundu, ile ya nyumba za kubomolewa, au kama wameifunika kwa chokaa. Tafuta vigingi vya mpaka wa reli viko wapi. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa peke yako, bila dalali, uwaulize kuhusu nyumba hiyo kwa jina la mwenyewe.

Pia tangu reli ya umeme ijengwe, sehemu nyingi kando yake kuna uzio. Shule unayoiona kwa macho ng'ambo pale inaweza kukutaka uzunguke mpaka kwenye kivuko. Pima kwa miguu ya mtoto.

Bi Tatu

Nami niongeze mvua. Upande wa Bonde la Msimbazi maji yakija hayabishi hodi. Waulize wapangaji wa zamani, wala usimuulize mwenye nyumba, maji ya masika yalifika wapi. Mstari wake unauona ukutani hata wakipaka rangi.

Mama Zai

Nawashukuru sana, nimerudi na majibu. Jumamosi nilikwenda na Zai tangu saa 12 kasoro. Chumba hakina alama yoyote na ukuta ni mkavu. Treni ilipopita Zai aliziba masikio, halafu akakimbilia dirishani kuhesabu mabehewa.

Ila njia ya shule imenishinda. Tulizunguka dakika ishirini na tano, na njiani tukaona watoto wadogo kuliko yeye wanapita reli kwa mkato, mmoja anamvuta mwenzie mkoba. Zai akaniuliza, "Mama, na mimi nitapita hapo?" Sikuweza kumjibu.

Mama mmoja muuza vitumbua akanielekeza chumba kingine, upande uleule wa shule, 110,000, mwenyewe amekubali miezi mitatu. Kwenda kupanda treni ni dakika kumi na mbili, nimepima kwa saa. Serikali ya mtaa nakwenda Jumatatu asubuhi. Wakinijibu vizuri, nahama mwisho wa mwezi.