Meza ndogo ya Isamu Noguchi: niipake rangi upya au niiache?

Mtanga_Ughaibuni:
Salaam, ndugu zangu. Ninaishi New Jersey, na wiki iliyopita nilinunua kwenye duka la mitumba meza ndogo ya duara yenye kitako cheusi kizito, uso mweupe wa fomaika, na fito za chuma zinazopishana kati ya juu na chini. Muuzaji alidai kuwa ni kazi ya Isamu Noguchi iliyotengenezwa na kampuni ya samani ya Knoll, lakini sikuona lebo yoyote. Nitajuaje ukweli, na je, nitaiharibu nikikipaka upya kitako kilichobanduka rangi?

Seremala Mstaafu:
Kukosekana kwa lebo kusikutie shaka, kwani karatasi hubanduka. Noguchi, mchongaji aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1904 na kuwahi kuwa msaidizi wa mchongaji mwenzake Brancusi mjini Paris, hakuuanza muundo huu kama meza. Alianza na stuli ya kubembea katikati ya miaka ya 1950, kisha umbo lile likapanuliwa na kuwa meza, na ile ndogo ikakusudiwa watoto, iende na viti vidogo vya nyaya vya mbunifu Harry Bertoia. Tazama fito kwanza: zinapaswa kwenda mshazari na kubana katikati, mfano wa nguo inayokamuliwa. Kisha weka sumaku kwenye kitako, ambacho ni cha chuma cha kusubu. Uzito huo wa chini ndio unaoizuia meza isipinduke.

Bi. Mkusanyaji:
Naongeza jambo moja ambalo ndugu yangu amelipita. Knoll waliirudisha meza hiyo sokoni miaka mingi baadaye, kwa hiyo sumaku itakuonyesha tu kwamba kitako si alumini, haitakuonyesha umri wake. Kuhusu rangi, nakusihi usiiguse. Kitako kile kilipakwa enameli, jamaa ya ile ya mabakuli na mabirika ya nyumbani kwetu, na rangi ya brashi haitalingana nayo kamwe. Wanunuzi makini hupendelea pengo la zamani kuliko kiraka kipya. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukaushe fito mara moja zisishike kutu.

Mtanga_Ughaibuni:
Ahsanteni sana. Sumaku imenata, na fito zimebana katikati kama alivyoeleza mzee. Kopo la rangi nitalirudisha dukani kesho.