Wi-Fi Haipandi Ngazi

Kikundi: Nyumbani Kwetu

JUMAMOSI

Dada Mkubwa: Jana kikao cha kazi kimenikatikia mara tatu. Mara ya mwisho nimeganda mdomo wazi, wenzangu wakanipiga picha. Jamani hii Wi-Fi.

Kitinda: Huku juu hata mimi naona kiduara kinazunguka tu.

Bibi: Mbona kwangu chini iko vizuri

Kitinda: Bibi wewe unalala ukuta mmoja na ruta 😭

Kaka: Nilishasema. Ile ruta tulipewa siku tunaunganishiwa intaneti, imezeeka. Tuchukue hii.

Kaka: 📷 Picha

Kaka: Antena nane. Ya wacheza gemu. Imeandikwa AX11000 🔥

Mama: Hiyo ni ruta au buibui?

Baba: Bei.

Kaka: Kama mara sita ya zile za kawaida, lakini Baba, unanunua mara moja tu.

Mama: Pesa iliyopo inatosha ruta moja ya kawaida na chenji kidogo. Mjadala umefungwa.

Shangazi: Wifi usikubali haraka, hizo dude zinapendeza kwenye picha tu.

Kitinda: Shangazi hapo unamwita Mama au unaitaja Wi-Fi?

Shangazi: Namwita mama yako. Wifi yangu huyu anashika ghorofa zote tatu, akikohoa chini unamsikia juu. Hiyo nyingine ndiyo imeshindwa ngazi.

Mama: 😂😂

Kaka: Mjomba njoo utuamue, wewe ndiye fundi. Shikamoo.

Mjomba: Marahaba. Nilikuwa nasoma tu. Kabla ya kununua chochote: kifurushi chenu ni cha kasi gani?

Baba: Mbps 150, megabiti 150 kwa sekunde.

Mjomba: Sasa Kaka, hiyo 11000 ni hesabu ya kujumlisha redio zote tatu zilizo ndani yake, tena kwa kasi ya kwenye karatasi. Simu yako inaongea na redio moja kwa wakati. Na hata ungekuwa na tangi kubwa vipi, bomba linaloingia nyumbani ni 150.

Kaka: Lakini antena nane si zinafika mbali?

Mjomba: Nguvu ya kurusha ina kikomo cha kisheria, ruta ya bei kubwa na ya bei ndogo zote zinabanwa na hicho hicho. Halafu Wi-Fi ni mazungumzo. Ruta ikipiga kelele mpaka juu, simu nayo lazima ijibu, na simu ina kiredio kidogo cha kubania betri. Ndiyo maana unaona mistari imejaa lakini hakuna kinachofunguka.

Dada Mkubwa: HIYO NDIYO HALI YANGU

Mjomba: Kitinda nifanyie kazi. Pima kasi sebuleni, kisha ghorofa ya kwanza, kisha chumbani kwa dada yako. Na ile programu ya kupima nguvu ya mawimbi, niandikie namba yenye alama ya kutoa.

Kitinda: Sawa Mjomba, napanda.

Kitinda: Sebuleni 93, nguvu -42
Ghorofa ya kwanza 38, nguvu -66
Kwa Dada 3 😐 nguvu -83

Kitinda: Nimehema.

Mjomba: Namba ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Ikiwa -67 hivi bado unaongea kwa video bila shida. Ikifika -80 na kitu, unaomba dua tu. Sasa chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, upime tena.

Kaka: Nimepima mimi. 94. Nimerudia mara nne, ni 94, 94, 95, 94.

Mjomba: Nilihisi. Mnalipia 150 mnapata 94. Hiyo namba mkiiona imegoma pale pale, ujue matundu ya waya ya ruta ni ya megabiti 100. Ndiyo mtego wa ruta za bei ya chini: kwenye boksi wameandika 1200 kwa herufi kubwa, ukigeuza nyuma kwa herufi za sisimizi utakuta matundu ni 10/100. Mnunue yenye matundu ya gigabiti, yaani megabiti 1000, hilo halina mjadala.

Baba: Miaka yote hii nalipia 150?

Mama: Tulia baba watoto.

Mjomba: Tunaenda kwenye tatizo lenyewe. Shemeji, ruta umeiweka wapi?

Baba: Nyuma ya televisheni. Ndani ya kabati. Haipendezi machoni.

Mjomba: 🤦🏾‍♂️

Mjomba: Shemeji, umeifungia kona ya chini kabisa ya nyumba, nyuma ya bamba la chuma la televisheni, juu yake sakafu mbili za zege lenye nondo. Mawimbi yanachuja kama maji kwenye mchanga. Nondo ni chuma, na chuma ndicho adui.

Shangazi: Mimi nilinunua ripita, ile ya kuchomeka ukutani. Nikaiweka chumbani ambako hakukuwa na kitu. Mistari ikajaa yote, nikafurahi. Kasi ya konokono.

Mjomba: Kwa sababu uliiweka mahali ambapo nayo haisikii kitu. Ripita inarudia inachosikia. Ikisikia vibaya inarudia vibaya, kwa sauti kubwa. Inatakiwa ikae katikati ya njia, pale mawimbi bado yana nguvu. Na hata hapo, zile za bei nafuu zinapokea na kurusha kwa redio hiyo hiyo, kwa hiyo kasi inakatwa karibu nusu.

Shangazi: Ningekuuliza mapema 🥲

Dada Mkubwa: Na zile za meshi, vipande kadhaa vinavyopokezana Wi-Fi moja nyumba nzima? Ofisini wanazisifia.

Mjomba: Nzuri, sizikatai. Lakini meshi isiyo na waya nayo inaongea kupitia zege lile lile. Nyumba ya ghorofa bila waya, unalipia vipande vitatu ili kipande cha juu kilalamike kama unavyolalamika wewe. Meshi yenye waya ni habari nyingine, ila bei yake dada yangu ataniua.

Mama: Nitakuua.

Mjomba: Jaribio la bure kwanza. Kuna waya mrefu wa netiweki hapo?

Baba: Ulibaki tulipofunga kamera. Mita 20.

Mjomba: Unganisha toka kwenye kile kisanduku cha faiba ukutani, utambaze kwenye ngazi, ruta ikae kwenye kituo cha ngazi cha ghorofa ya kwanza, juu ya kitu, isikae sakafuni. Kisha mpime upya.

Kaka: Tumeweka juu ya stuli. Waya umepita kwenye vipandio, Bibi usishuke bila taa.

Bibi: Nimesikia

Kitinda: Sebuleni 71. Ghorofa ya kwanza 92. Kwa Dada 24!!

Dada Mkubwa: Kutoka 3?

Kitinda: Kutoka 3.

Mjomba: Na bado hamjanunua kitu. Sasa antena. Zikoje?

Kitinda: Mbili, zote zimesimama wima.

Mjomba: Antena ya fimbo hairushi kupitia ncha yake, inarusha ubavuni, mawimbi yanaizunguka kama gurudumu kwenye ekseli. Zikisimama zote, mawimbi yanaenda pembeni, ghorofa ile ile. Laza moja.

Kaka: Siku zote nilidhani zinalenga kama tochi.

Kitinda: Imelazwa. Kwa Dada 29. Si mbaya kwa kukunja fimbo 😂

Mama: Kwa hiyo hatununui?

Mjomba: Mnanunua, lakini ya kawaida. Andika, dada: Wi-Fi 6, bendi mbili, yaani njia mbili za mawimbi, gigahezi 2.4 na 5. Matundu ya gigabiti yote. Usalama WPA3. Iwe toleo ambalo mtengenezaji bado analitolea masasisho. Ile daraja la AX1800 inatosha kabisa. 1800 yenyewe ni 574 ya bendi ya chini na 1201 ya juu, mshaujua mchezo wa kujumlisha.

Kaka: Kwa nini si Wi-Fi 7? Ndiyo mpya.

Mjomba: Nani hapo ana simu ya Wi-Fi 7?

Kaka: …

Mjomba: Simu ya bibi yako haijui hata hiyo bendi ya 5. Usimnunulie mtu viatu vya mbio ilhali anatembea na mkongojo.

Bibi: Nimesoma hiyo

Mjomba: Nisamehe Mama, nilikuwa nasema simu 🙏🏾

Dada Mkubwa: Hizo bendi nazo zinanichanganya. Nitumie ipi?

Mjomba: 2.4 ni mzee mvumilivu, anapenya kuta, ila anaenda polepole na njia yake ina foleni, majirani wote wako humo, hata maikrowevu inapiga kelele humo humo. 5 ni kijana wa mbio, akigonga zege anachoka. Ukiwa chumba kimoja na ruta tumia 5. Mbali, 2.4.

Mjomba: Ila wewe hutakuwa mbali. Ruta mpya inakaa hapo kwenye ngazi. Ya zamani haitupwi, inapanda juu kabisa na inaunganishwa kwa waya.

Baba: Waya upite wapi? Sitoboi zege.

Mama: Lile tundu la waya wa dishi la zamani si linatoka paa mpaka sebuleni?

Mjomba: Dada, wewe ndiye fundi humu. Pitisha humo. Kebo ya Cat5e inatosha, inabeba gigabiti moja mpaka mita 100. Ila muulize muuzaji: shaba tupu. Kuna nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rahisi, ukiikunja kidogo inakatikia ndani kwa ndani na hutajua.

Kaka: Lakini ya zamani si ina matundu ya 100?

Mjomba: Ndiyo, na dada yako atapata 90 na kitu badala ya 3. Atalalamika?

Dada Mkubwa: Sitalalamika.

JUMATANO

Mama: 📷 Picha

Mama: Imefika. Chenji imetosha kebo. Nimegeuza boksi nyuma mwenyewe nikasoma herufi za sisimizi, muuzaji kanishangaa.

Mjomba: 👏🏾 Kaka, ile ya zamani: irudishe ilivyotoka kiwandani, ingia kwenye ukurasa wake, ibadilishe anwani isigongane na mpya. Mpya ikiwa 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2. Zima DHCP, ile kazi ya kugawia simu anwani. Jina la Wi-Fi na neno la siri yafanane na ya chini ili simu zihame zenyewe. Chaneli za bendi ya 2.4: mpya 1, ya zamani 6 au 11. Kebo ichomeke kwenye matundu ya LAN, yale ya vifaa vya ndani, si lile la rangi tofauti la kuingizia intaneti.

Kaka: Nimeelewa.

Bibi: Intaneti imekata

Dada Mkubwa: Nani kazima intaneti? Niko kwenye kikao natumia data ya simu!

Baba: Imekata kote.

Shangazi: Mimi niko kwangu nimekaa naangalia sinema yenu 🍿

Kaka: Mjomba inaandika imeunganishwa lakini hakuna intaneti

Mjomba: DHCP umezima?

Kaka: Ipi

Kaka: Aaah

Mjomba: Sasa nyumba ina wagawa anwani wawili. Simu moja inaambiwa mlango wa kutokea uko huku, nyingine inaambiwa uko kule. Chomoa ya juu, ingia kwa waya, zima, urudishe.

Kaka: Imerudi. Samahanini wote.

Mjomba: Na ukiwa humo zima WPS, ile ya kujiunga bila kuandika neno la siri, ubadilishe neno la siri la msimamizi kwenye zote mbili. Lile la kwenye kibandiko kila anayepita ngazini anaweza kulisoma.

Kitinda: Napima!!
Kwa Bibi 64
Sebuleni 118
Ghorofa ya kwanza 146
Kwa Dada 91

Dada Mkubwa: 91. Mimi. Ghorofa ya pili. Nimewasha kamera nikamwambia bosi anihesabu nywele.

Baba: 146. Miaka yote hii.

Mama: Baba watoto, imepita.

ALHAMISI

Kitinda: Mjomba ruta mpya inachemka. Nimeigusa ni moto kabisa.

Mjomba: Joto kidogo ni kawaida. Imefunikwa?

Kitinda: Ina kitambaa cha kufuma juu yake. Kile chenye maua.

Baba: Si mimi safari hii.

Bibi: Ni mimi. Ilikuwa inapata vumbi

Mjomba: Mama naomba kitoke, pale juu ndipo inapopumulia.

Bibi: Na zile taa zake zinamulika mpaka mlangoni kwangu usiku kucha

Mjomba: Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuzima taa. Kaka atakuzimia.

Dada Mkubwa: Kaka asiguse kitu kabla ya saa kumi, nina kikao.