Skrubu za skafoidi: nyuzi ncha mbili au nyuzi urefu wote?

Jiliwa: Wakuu, nalinganisha skrubu mbili zisizo na kichwa, za kufunga skafoidi (mfupa mdogo wa kifundo cha mkono) iliyovunjika kiunoni, yaani katikati yake. Moja ni mtindo wa Herbert, shina laini lenye nyuzi nchani tu. Nyingine ina nyuzi urefu wote na inachongoka kuelekea mbele. ASTM F543, kiwango cha kupima skrubu za mifupa, inasema ng'oa kwa 5 mm kwa dakika, ila hapa hakuna kichwa cha kushika. Mnapimaje?

FundiMifupa: Kung'oa kusikusumbue, mkuu. Skafoidi husumbuliwa zaidi na kupinda, ufa ukafunguka. Anza na mgandamizo: vitalu viwili vya povu gumu la kuigiza mfupa, la kiwango cha ASTM F1839, daraja la 20 (0.32 g kwa sentimita ya ujazo), katikati kipima nguvu chenye umbo la washa (pete bapa), skrubu ipite ndani yake. Tundu lake liwe pana, nyuzi zisiguse. Vitalu visizunguke, ila viweze kusogeleana. Andika nguvu kila robo mzunguko. Unene wa washa unakula urefu wa skrubu, kwa hiyo hakikisha nyuzi za mbele zote zimevuka pengo. Zikishika vitalu vyote viwili, Herbert haibani kitu.

NyuziPacha: Naongeza: usichague kwa namba ya juu kabisa. Hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya nyuzi za mbele ikiwa 1.25 mm na za nyuma 1.0, kila mzunguko unavuta 0.25 mm tu, basi ni rahisi kupitiliza. Povu likichubuka, nguvu inaporomoka ghafla. Na ile iliyochongoka usiirudishe nyuma hata kidogo, inalegea papo hapo. Ukishakaza, iache kwenye kipimo uone mgandamizo unavyopungua, ndipo uipinde kwa mizunguko mingi hadi pengo lifike 2 mm.

Jiliwa: Na tundu la katikati ya skrubu, linalopita waya elekezi, halidhoofishi shina?

FundiMifupa: Kidogo. Kiini cha 2 mm chenye tundu la 1.1 mm kinapoteza kama 9% ya uimara wa msokoto. Angalia zaidi mdomo wa bisibisi. Ukilika, skrubu haitoki tena.

NyuziPacha: Rudia yote kwenye povu la daraja la 10, lililo laini zaidi, ndiko nyuzi chache huachia mapema. Mimi kwa kipande cha mfupa kilicho kifupi kuliko nyuzi za ncha ya Herbert nachukua ya nyuzi urefu wote, mradi kipenyo chake hakitakipasua.