Rufaa ya kesi ya ulevi barabarani, Virginia: tufanyeje huku Mombasa?

Kutoka: mama, Kisauni

Assalaam alaykum jamaa. Mtoto wa marehemu dada yangu yuko Virginia kwa viza ya masomo. Alisimamishwa na polisi usiku akiendesha gari kutoka kazini, akashukiwa amelewa, akatembezwa kwenye mstari, akasimamishwa kwa mguu mmoja. Mashine ya kupuliza kule kituoni ilikuwa mbovu, kesi ikaenda kwa hivyo vipimo vya barabarani tu. Alhamisi iliyopita hakimu wa General District Court, mahakama ya chini ya kule, kamtia hatiani. Goti lake ni bovu tangu ile ajali ya pikipiki Mtwapa, lakini kortini hakulitaja. Watu watuambia tutulie, rufaa huchukua miaka. Ni kweli?

Jibu kutoka: wakili, Mombasa mjini

Waalaykum salaam mama, poleni sana. Msitulie. Virginia, ukihukumiwa na General District Court una siku 10 tu za kukata rufaa, na leo ni Jumatatu. Mpigieni simu sasa hivi, hata kama kwake bado ni usiku. Aende na wakili wake, au aende peke yake, kwa karani wa mahakama ile ile iliyomhukumu, aseme anakata rufaa na ajaze fomu. Sababu hatoulizwa.

Naharakisha kwa sababu sisi hapa tumezoea sheria zetu. Kenya tuna siku 14 kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, na tangu kesi ya Okeno ya 1972 jaji wa rufaa ya kwanza hutakiwa aupitie ushahidi wote upya na afikie uamuzi wake mwenyewe. Kwa hivyo mtu wa Mombasa akisikia rufaa, huwaza jaji atakayekaa apime kama kijana alikuwa amelewa kweli. Marekani kwa kawaida sivyo. Mahakama ya rufaa huuliza tu kama mtu mwenye akili timamu angeweza kumtia hatiani kwa ushahidi uliokuwapo. Kigezo hicho kiliwekwa mwaka 1979 katika kesi ya Jackson v. Virginia. Pingamizi ambalo wakili hakulitoa wakati wa kesi huwa limepotea, na cheti cha daktari kilichobaki kabatini Kisauni hakisomwi na mtu.

Kijana wenu amesalimika hapo. Rufaa ya kutoka General District Court kwenda Circuit Court, mahakama iliyo juu yake, ni kesi mpya kabisa: mashahidi huitwa tena, ushahidi mpya huingia, na hata aliyekiri kosa ana haki ya kuikata. Sasa goti lina nafasi ya kusikizwa. Ila jaji mpya hafungwi na adhabu ya kwanza, anaweza kuizidisha. Hilo wakili wake amweleze waziwazi.

Tuje kwenye vipimo. Polisi wa Marekani hutumia vitatu vilivyosanifiwa na NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani: kufuatisha kalamu kwa macho, kutembea na kugeuka, na kusimama kwa mguu mmoja. Kutembea ni hatua 9, kisigino kikigusa vidole, ugeuke, urudi hatua 9. Askari hutafuta dalili 8, na 2 tu zatosha kusema umeshindwa kipimo. Ukiinua mikono ujisawazishe, hiyo moja. Ukianza kabla hajamaliza kukuelekeza, hiyo ya pili. Kwenye mguu mmoja, wauinua kama sentimita 15 na kuhesabu kwa sauti hadi sekunde 30 ziishe. Ukiyumba na ukagusa chini, basi. Mtu mwenye goti bovu, saa saba ya usiku, ana hofu, taa za polisi zammulika usoni, huyo atashindwa hata kama ameshinda na maji matupu. Na si mimi nisemaye. Mafunzo ya askari wenyewe yaeleza kuwa mwenye maradhi ya mgongo, miguu au sikio la ndani, au aliyezidi miaka 65, huenda akashindwa, na kwamba mahali pa kupimia pawe pakavu, pagumu na pa sawa.

Kwa hivyo wakili aulize: askari alimuuliza kuhusu maradhi? Alijibu nini? Palikuwa na mteremko au changarawe? Video ya gari la polisi na ya kamera ya kifuani ndiyo shahidi mkubwa, aiombe mapema kabla haijafutwa.

Nisiwadanganye, goti halijibu kila kitu. Harufu, namna alivyozungumza, na kama alitamka kuwa amekunywa, vyote huhesabiwa.

Kazi yenu ni huku. Kama alitibiwa hospitali ya Makadara, nendeni kitengo cha kumbukumbu na barua ya idhini iliyotiwa sahihi na yeye mwenyewe, muombe nakala ya faili, eksirei na ripoti ya upasuaji kama alipasuliwa. Hakikisheni tarehe zasomeka, maana lazima zionyeshe goti liliumia kabla ya usiku ule. Wakili wa kule ndiye atakayesema kama karatasi zatosha au daktari wa kule amkague. Mimi sina leseni ya Virginia.

Kutoka: mama, Kisauni

Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimempata, yuko njiani kwenda kwa karani. Swali jingine: dada yake aolewa mwezi ujao, aje?

Jibu kutoka: wakili, Mombasa mjini

Asije, mama, najua ni uchungu. Serikali ya Marekani inaweza kufuta viza kwa sababu ya kukamatwa tu kwa ulevi barabarani, hata kabla ya hukumu. Ikifutwa akiwa hapa, masomo yatasimama mpaka aombe upya, na rufaa yake itakuwa inaitwa kule bila yeye. Azungumze na wakili wa uhamiaji mbali na huyu wa jinai. Na huyu wa jinai akimshauri akiri ili yaishe, amuulize kwanza kukiri huko kutaigusa vipi haki yake ya kubaki. Tangu Padilla v. Kentucky ya 2010, wakili ana wajibu wa kumshauri mteja kuhusu hatari ya kufukuzwa nchini.

Mkipata nakala za Makadara nileteeni nizithibitishe kwa muhuri, sitawatoza kitu. Nipo ofisini hadi saa kumi.