Tupeane uzoefu: mapumziko ya mechi za Ulaya yaliyogeuza kila kitu

Mwana Nkuhungu
Mbukwenyi wakuu. Juzi kwenye kibanda chetu cha kuangalia mpira vijana wawili nusura washikane mashati wakati wa mapumziko. Mmoja anasema kocha hana la kufanya kwenye zile dakika 15, mpira ni wachezaji tu. Nikaikumbuka Anfield, uwanja wa Liverpool, 7 Mei 2019. Barcelona wamekuja na mabao yao 3-0 ya mechi ya kwanza kwao Camp Nou, Salah na Firmino hawapo, na mpaka mapumziko Liverpool wana goli moja la Origi. Kipindi cha pili anaingia Wijnaldum, Milner anasogezwa beki ya kushoto. Dakika ya 54 Wijnaldum, ya 56 Wijnaldum tena. Tulipanda juu ya mabenchi kibanda kizima, mwenye kibanda analilia mabenchi yake.

Leteni zenu. Mlibishana nini mapumziko, na kocha akafanya nini? Matokeo kila mtu anayajua, mimi nataka mbinu.

Fundi wa Area C
Hapo ndipo mnapomsifia kocha Klopp bure. Robertson alikuwa ameumia mguu, ikabidi atoke. Angekuwa mzima, Wijnaldum angeendelea kukaa benchi. Ile ni bahati, msiipambe.

Mwana Nkuhungu
Fundi, aliyeumia ni beki, na Joe Gomez ambaye ni beki halisi alikuwa benchi. Mtu mwoga angemwingiza Gomez. Klopp akamrudisha Milner nyuma ili apate kiungo wa kukimbilia boksi. Kuumia ni bahati mbaya, lakini nani aingie ni akili ya kocha.

Fundi wa Area C
Bahati.

Mzee wa Kondoa
Vijana, mnaanza hadithi katikati. Istanbul, 25 Mei 2005, fainali ya Milan na Liverpool. Mimi ni Milan tangu enzi za Van Basten. Maldini kafunga dakika ya kwanza tu, Crespo kaongeza mawili, na pasi aliyopewa kwa goli la tatu na Kaká sijaona nyingine kama ile. Mapumziko 3-0. Kuna waliojifunga mashuka wakaenda kulala.

Benitez, kocha wa Liverpool, akamtoa Finnan, akamwingiza Hamann, mabeki wakabaki watatu. Ukisikia beki tatu unadhani anaongeza washambuliaji. Hapana, kazi ya Hamann ilikuwa kumziba Kaká, maana kipindi cha kwanza Kaká alikuwa anapokea mpira mbele ya mabeki hana wa kumuuliza. Akishazibwa Kaká, Gerrard anakuwa huru kupanda. Dakika ya 54 Gerrard kwa kichwa, ya 56 Smicer, ya 60 Alonso, penalti yake ikapanguliwa na kipa, akaimalizia. Dakika sita, wanangu. Baadaye Serginho alipoingia upande wa kushoto, Gerrard huyohuyo akarudishwa beki ya kulia kumfuata. Mtu mmoja, kazi tatu, usiku mmoja. Mikwaju ya penalti sitaki kuizungumzia.

Kijana wa Makole
Shikamoo mzee. Pole sana.

Muuza Karanga Kibaigwa
Mmenikumbusha jambo ambalo nyumbani kwetu halitajwi. Usiku wa 8 Mei 2019, siku moja baada ya hiyo Anfield yenu. Mnalijua soko la mahindi la Kibaigwa, malori yanavyolala pale barabarani. Kibanda kilijaa madereva na utingo. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaendesha pikipiki yangu, ananiletea hesabu kila jioni, na mkopo wa pikipiki nilikuwa bado naulipa mimi.

Mechi ya kwanza Ajax walishawafunga Spurs, yaani Tottenham, 1-0 kwao London. Pale Amsterdam De Ligt akaweka kichwa, Ziyech akaongeza kwa mguu wake wa kushoto. Mapumziko jumla 3-0, na Kane, mshambuliaji wa Spurs, hayupo. Mdogo wangu kasimama katikati ya watu anatangaza Ajax wameshaingia fainali. Utingo wa lori la Dar akamwambia, kama una uhakika weka kitu. Akaweka ufunguo wa pikipiki. Yule akaweka pesa mezani.

Mimi nilikuwa mlangoni na karanga zangu na birika la chai. Mpira nimeanza kuuangalia nikiwa mdogo, pamoja na baba. Timu zinarudi uwanjani naona Llorente anaingia, Wanyama katoka. Nikamvuta mdogo wangu pembeni: chukua ufunguo wako sasa hivi, mchezo umebadilika. Kipindi cha kwanza Spurs walikuwa wanataka kutoka nyuma kwa pasi fupi, Ajax wanawabana na kuwapora. Sasa wana mtu mrefu mbele. Mpira utapita juu ya wale wabanaji wote, na Lucas Moura na Alli wataokota unaodondoka. Akanijibu, dada, uza karanga.

Dakika ya 55, Moura. Ya 59 Onana akamzuia Llorente karibu kabisa na mstari, mpira ukazagaa, Moura akageuka nao akafunga. Nikaacha kuuza. Ziyech akagonga mwamba, Vertonghen naye upande wa pili akagonga mwamba. Dakika za majeruhi zinaisha, Sissoko akapiga mpira mrefu, Llorente akagombea na mabeki, Alli akausukuma kidogo, Moura akamaliza. Mdogo wangu alikaa chini kwenye vumbi.

Utingo akachukua ufunguo palepale. Nikaenda kwa dereva wake, mtu mzima, nikamwamkia, nikamweleza pikipiki ni yangu na ina deni. Akasema dau ni dau, na lori linaondoka alfajiri. Walikuwa wameshaipandisha juu ya magunia. Nikaenda kumwamsha mwenyekiti wa kitongoji, tukarudi naye na wazee wawili, wakakaa na dereva kwenye mabenchi ya kibanda mpaka karibu na adhana. Ikashushwa. Utingo akaondoka na mbuzi wawili wa baba, majike wote. Tangu usiku ule baba hajazungumza mpira na mdogo wangu.

Kijana wa Makole
Dada pole. Majike wawili!! Si mngewapa hata beberu.

Mfugaji Bahi
Mimi nasema dereva alionewa. Kijana wake ameshinda kihalali, mwenyekiti anaingiliaje?

Mama Ntyuka
Kihalali gani, kaka yangu? Mali si ya aliyeiweka. Kuweka rehani kitu cha dada yako bila kumuuliza ni wizi. Mwenyekiti alitumia busara, angeweza kuita polisi.

Mfugaji Bahi
Basi wangerudishiana tu, mbuzi wa nini?

Mama Ntyuka
Wa kuzuia watu kuchomana visu barabarani. Hujawahi kufika Kibaigwa usiku wewe.

Mwana Nkuhungu
Wakuu, tuliahidiana mbinu, tumehamia kwenye mbuzi.

Mwanachuo Ng'ong'ona
Na kwa kanuni ya sasa, dada asingepoteza kitu dakika ile. Jumla ilikuwa 3-3, Spurs walipita kwa mabao ya ugenini. UEFA, wasimamizi wa soka Ulaya, walifuta hesabu hiyo 2021. Leo ingekuwa nusu saa ya ziada.

Fundi wa Area C
Umeona? Kanuni. Bahati. Mbinu iko wapi?

Mwanachuo Ng'ong'ona
Fundi, chukua hii. Real Madrid na Manchester City, 4 Mei 2022. City wamekuja na 4-3, Mahrez kaongeza dakika ya 73. Ancelotti, kocha wa Madrid, kipindi hicho cha pili anawatoa Kroos, Modric na Casemiro, viungo wake wote watatu. Hapa chuoni watu walimtukana. Rodrygo aliyeingia nafasi ya Kroos akafunga dakika ya 90, akafunga tena muda mfupi tu baadaye, Benzema akamaliza kwa penalti kwenye nusu saa ya ziada. Bahati haiwezi kuwatoa watu watatu wenye majina yale. Ni moyo wa kocha.

Bodaboda wa Sabasaba
Ushauri kwa wenye pikipiki: siku ya mechi kaa na ufunguo wako mwenyewe.

Kijana wa Makole
Mimi ningesema msiweke dau kabla ya dakika ya 80.

Mama Ntyuka
Msiweke kabisa. Ukishindwa kujizuia, iwe soda.

Mfugaji Bahi
Wekeni, ila kwa timu inayoongoza. Barcelona dakika ya 87 kule Milan mwaka 2025 walikuwa wanaongoza 3-2.

Mwanachuo Ng'ong'ona
Na Acerbi, beki wa kati wa Inter, akasawazisha dakika za majeruhi, Frattesi akawamaliza ya 99, kwenye nusu saa ya ziada. Kwa hiyo unamshauri nani hapo?

Mzee wa Kondoa
Marahaba Makole, nimechelewa kuitikia. Binti wa Kibaigwa, hawa wanakuuliza habari za mbuzi, mimi nakuuliza mpira. Ungekuwa wewe kocha wa Ajax pale mapumziko, umemwona Llorente anaingia, ungefanya nini?

Muuza Karanga Kibaigwa
Shikamoo mzee. Ningewaambia mabeki wawili wasiruke pamoja. Mmoja aruke na Llorente, na hata akishindwa si neno. Mwingine abaki nyuma yake na Moura, na kiungo mmoja arudi kumfuata Alli. Wao macho yote yalikuwa juu kwa yule mrefu, na Llorente usiku ule hakufunga hata goli moja.