Nimechoka na wauza mashanta: "frisaizi" si saizi, na pinki si kipimo

Wakuu salaam. Leo nimekuja na povu, asiyetaka kurushiwa asogee pembeni.

Mimi ni mwanamke wa sentimita 152, kilo 51. Kuitwa andunje nimeshazoea tangu darasa la pili, wala hainishtui. Nisichoweza kuzoea ni kutoa laki mbili na themanini ya jasho langu, nikavishwa adhabu mgongoni, nikatembea nayo Mlima Meru siku nne, halafu kila ninayemlalamikia ananijibu "dada ungefanya mazoezi kwanza". Mazoezi nilifanya. Miezi miwili nimepanda na kushuka ngazi za ghorofa tunalofanyia kazi mpaka mlinzi akadhani nimefukuzwa kazi naogopa kwenda nyumbani.

Nianzie dukani, nilikokwenda kununua shanta, yaani begi kubwa la kubebea mzigo mgongoni. Duka liko Arusha mjini, jina nalihifadhi, maana hata waliotangulia kabla ya hilo walikuwa walewale. Nikamwambia kaka muuzaji: naenda Meru, mzigo nabeba mwenyewe, nataka shanta. Swali lake la kwanza, "Lita ngapi?" La pili, "Rangi gani?" La tatu halikuwepo. Nikauliza kama kuna la wanawake. Akaingia stoo, akatoka na lilelile la mwanzo, ila zipu zake za pinki. Nikalivaa mbele ya kioo likiwa tupu, akarudi nyuma hatua mbili kama fundi wa suti, akasema: "Limekupendeza dada. Hii frisaizi, inamkaa yeyote."

Likiwa tupu wakuu! Shanta tupu halifiki hata kilo tatu, hata mtoto wa chekechea lingemkaa. Lakini mimi nilikuwa sijui, nikaona kaka ndiye mwenye duka lake, anajua. Nikachukua la kijivu, lita 65.

Sasa Meru wale mliofika mnaijua. Siku ya kwanza unatoka geti la Momella, askari wa hifadhi mbele na bunduki yake kwa ajili ya nyati, nyinyi nyuma mmejipanga kama wanafunzi, mnaenda kulala Miriakamba, mita 2,514. Njia si mbaya. Lakini saa ya kwanza haijaisha nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mkanda wa kiunoni, ambao kazi yake ni kukaa juu ya mifupa ya nyonga ili nyonga zibebe mzigo, wa kwangu ulikaa kwenye makalio. Nikiuinua mpaka unapotakiwa, mikanda ya mabegani inanyanyuka juu ya mabega inabaki hewani kama mpini wa kikapu. Nikiibana mikanda ya mabega, wa kiuno unateremka tena kwenye makalio. Hakuna katikati. Na huo wa kiuno wenyewe nimeuvuta mpaka sponji ya kulia na ya kushoto zikabusiana tumboni, mkanda umeisha, na bado unacheza. Kwa hiyo kilo 11 zote zikawa juu ya mabega mawili. Ukitaka kujua maana yake, beba mtoto wa mwaka mmoja shingoni kisha uende Moshi kwa miguu.

Siku ya pili ndiyo iliyonitoa machozi. Kutoka Miriakamba kwenda kambi ya Saddle, mita 3,570, kuna ngazi za mbao hazina idadi. Kila nikiinua goti, paja linagonga mkanda kwa chini, mkanda unasukuma shanta juu, nikikanyaga shanta linadondokea mabega. Juu, kushuka, juu, kushuka. Kufika pale panapoitwa Mgongo wa Tembo, vidole vyote vya mikono vimekufa ganzi. Mwenzetu mmoja akasema mlima umenikamata. Mwingine akauliza kama nimekunywa Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, maana kweli huleta ganzi za vidole. Sikuwa nimeigusa. Nikavua shanta, nikakaa, baada ya dakika kama kumi vidole vikarudi. Nikavaa, vikaondoka. Huo ni mlima gani unaokukamata ukivaa begi na kukuachia ukilivua?

Na kitu kingine. Kwa kuwa shanta lilikuwa refu kunizidi, kifuniko chake cha juu kilinigonga kisogo kila nilipotaka kuinua uso. Wenzangu wamerudi na habari za mbega na za kutazama Kilimanjaro ikitoka mawinguni. Mimi nikiulizwa Meru kukoje, naweza kuelezea visigino vya viatu vya askari.

Aliyenitoa tongotongo ni dada mmoja mgumu pale Saddle. Kwa wasiojua, wagumu ndivyo wapagazi wanavyojiita, na hakuna jina linalowastahili zaidi. Mfupi kama mimi, pengine kunishinda. Kanitazama navyojivuta mpaka kwenye benchi, akacheka, akaniuliza, "Mdogo wangu, hilo shanta la shemeji?" Nikamwambia shemeji hayupo, hili nimelinunua kwa hela zangu. Akaacha kucheka. Akanigeuza, akaweka kiganja pale fremu inapoishia chini, akasema, "Hili mgongo wake si wako. Hata upunguze nguo zote, litakuua tu." Kisha akanionesha la kwake: shanta la mtoto wa Kizungu, la mtumba, fremu fupi, mkanda wa kifuani umekatwa na kushonwa upya kwa uzi wa nailoni na fundi viatu. Anabeba nalo mizigo ya wageni msimu mzima, mikono haimfi ganzi.

Yaani mpaka nikutane na mtu mita 3,570 ndipo nifundishwe jambo ambalo muuzaji alipaswa kuliuliza kabla hajaniuliza rangi.

Jambo lenyewe ni hili. Shanta halichaguliwi kwa urefu wa mtu, linachaguliwa kwa urefu wa mgongo. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo, kuna kinundu cha mfupa kinajitokeza kuliko vingine pale shingo inapokutana na mabega. Hapo ndipo pa kuanzia. Kisha shika kiuno kama mama anayesubiri mtoto aeleze maziwa yamekwenda wapi, vidole mbele, gumba nyuma, viganja vimekaa juu kabisa ya mifupa ya nyonga. Mahali ambapo vidole gumba vinaelekezana kwenye uti wa mgongo ndipo pa kuishia. Mtu mwingine apime kwa tepu ya fundi cherehani, afuate mkunjo wa mgongo. Usijipime mwenyewe, utapinda.

Nimerudi nyumbani, mdogo wangu kanipima: sentimita 39. Nikampima na yeye, ambaye ana sentimita 168 na hunitania kuwa mimi ni kiambatanisho chake: 41! Urefu wote aliojaliwa ni miguu. Kwa hiyo hata yeye, warefu mnaojiona mmepona, angeuziwa lile shanta na angelia vilevile.

Kisha nikachomoa ile sponji ya mgongoni ya shanta langu. Wakuu, kuna kitambulisho kimeshonwa ndani. Kimeandikwa sentimita 48 mpaka 53. Kiliandikwa! Kiko pale! Mtu anauza vitu vya laki mbili na themanini na hajawahi kusoma kilichoshonwa ndani yake. Tofauti ya sentimita 9 ilinikalia makalioni siku nne kwa sababu mtu kaona uvivu wa kufunua sponji.

Nikarudi dukani. Kwanza "bosi hayupo". Pili, "dada si ungebana mikanda?" Tatu akanionesha karatasi ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwonesha kitambulisho, akakisoma kwa mara ya kwanza maishani mwake nadhani, akanijibu kuwa hicho ni kipimo cha huko kwao Ulaya. Kaka yangu, sentimita ya Ulaya na ya Arusha ni moja!

Sasa hili la pinki, maana ndilo linaloniuma kuliko hela. Shanta la kike la kweli lina tofauti za kimwili. Mgongo mfupi. Mikanda ya mabegani imesogeleana karibu na shingo, myembamba zaidi, na imepinda ili ipite pembeni ya matiti badala ya kuyaponda au kukuchuna kwapani. Mkanda wa kiuno umekatwa kwa mshazari ufuate nyonga zilizotanuka, si bomba lililonyooka. Rangi haimo. Ukichukua shanta la mwanaume wa futi sita ukalitia zipu za pinki, umepata shanta la mwanaume wa futi sita lenye zipu za pinki.

Mwishowe nilikwenda Moshi, Memorial, kwenye mitumba. Huko ukijua majina umemaliza kazi, kwa sababu kampuni kubwa huzaa mashanta pacha, la kiume na la kike, kila moja na jina lake. Osprey: Aether, Kestrel, Talon na Exos ni ya kiume, pacha zao za kike ni Ariel, Kyte, Tempest na Eja. Gregory: Baltoro, Paragon na Zulu za kiume, Deva, Maven na Jade za kike. Deuter wao huweka herufi SL kwenye ya kike. Na hata la kike lina saizi, usilibebe tu kwa jina: tafuta XS au S, au lenye mgongo unaopandishwa na kushushwa, vuta uone linashuka mpaka wapi. Saizi ndogo huwa na lita pungufu kidogo kuliko inavyotajwa kwenye kubwa, msishangae.

Nilikwenda na madumu mawili ya maji ya lita tano, kilo kumi hizo. Muuza mtumba akanitazama kama nimetoroka mahali. Nikalegeza mikanda yote, nikatia madumu, nikainua. Kwanza mkanda wa kiuno, katikati ya sponji ikae juu kabisa ya mfupa wa nyonga, nikabana. Ndipo mabega, yalale bila kuacha upenyo nyuma. Ndipo vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kwenye shanta, viinuke kwa mshazari wa kama nyuzi 45. Vikilala bapa au vikiteremka nyuma, ujue shanta fupi. Vikisimama wima, refu. Mwisho cha kifuani, vidole viwili chini ya mtulinga. Nikatembea nalo katikati ya mabanda nusu saa nzima, napanda vizingiti vya watu, nainua magoti kama gwaride la JKT. Watu walijaa. Mama mmoja wa ndizi akauliza kama ni tangazo. La nne ndilo lililokaa: naweza kupitisha kiganja kati ya mkanda na bega, uzito wote uko kiunoni. Elfu sabini na tano. Muuzaji naye akawa ananiuliza namna ya kupima ili awaambie wengine, tofauti na kaka yetu wa kioo.

NYONGEZA, maana naona mmeanza:

Anayesema "si ukodi mgumu": Meru unaweza, na Kilimanjaro utakuwa nao utake usitake. Lakini mgumu hatakiwi kuzidisha kilo 20, na yeye hakubebei maji yako, koti la mvua, sweta na vitafunio vya njiani. Hicho kibegi cha mchana unacho wewe, maji lita tatu peke yake ni kilo tatu, na unakwenda nacho usiku ule wa kutoka kambi ya Kibo kuelekea kileleni. Vibegi vya lita 30 navyo vina urefu wa mgongo. Na huyo mgumu unayetaka kumkodi akiwa dada mfupi, je, amepata shanta wapi?

Anayesema mzigo ulikuwa mzito: watu wa mlima husema usivuke sehemu moja ya tano ya uzito wako. Kwangu ni kilo kumi na kidogo, nilibeba 11. Nakiri kilo moja hiyo, ilikuwa karanga na kitabu ambacho sikukifungua. Haikuniua karanga.

Kaka aliyeandika kwa aibu kuwa na yeye ana sentimita 160 na ameteseka hivyohivyo: vaa Kyte, kaka. Hakuna askari wa hifadhi atakayekukagua jina la begi.

Aliyeuliza kama fundi viatu anaweza kulifupisha langu: mkanda wa kiuno na wa kifua atakata, fremu hawezi. Nimeshamuuliza, kanionea huruma.

Kwa hiyo shanta lipo, wakuu. Kijivu, lita 65, limepanda Meru mara moja, halina tatizo lolote kwa mwenye mgongo wake. Laki mbili, maongezi yapo. Mgongo sentimita 48 mpaka 53. Nitumie kipimo chako kwanza, sijauliza rangi unayopenda.