Chai inageuka nyeusi kama wino: kisima chini ya jalala la zamani

Mama Rukia (Wakiso)
Jamani, anayejua mambo ya maji anisaidie. Mwaka 2019 nilinunua kibanja mteremkoni. Bei ilikuwa nzuri mno, na mimi kwa tamaa yangu sikujiuliza kwa nini. Mwaka jana vijana walikuwa wakichimba shimo la choo. Hawajafika hata magotini wakaanza kutoa kaveera (mifuko ya plastiki), betri, vioo, soli za viatu. Kaveera nyingine maandishi bado yanasomeka! Ndipo mzee jirani akaniambia palikuwa jalala, likafukiwa kwa udongo mwekundu, watu wakauziana. Aliyeniuzia hakufungua mdomo.

Kisima chetu kiko bondeni, hatua kama hamsini kutoka hapo. Maji ukiyachota ni safi kwa macho, yakilala kwenye jerikeni yanaacha tope la rangi ya kutu. Nikitia majani ya chai, inakuwa nyeusi tii. Juu yake kuna utando unang'aa kama mafuta. Nachemsha, watoto wanakunywa. Bustanini nina dodo (mchicha), sukumawiki na mayuni (magimbi), nawauzia majirani. Niendelee?

Fundi Visima
Pole mama. Hiyo chai ni chuma, kinakutana na majani ya chai. Chukua kijiti, gusa ule utando: ukivunjika vipande kama kioo, ni vijidudu vinavyokula chuma, ukijifunga tena, ni mafuta kweli.

Chuma chenyewe si hatari sana, ila kimenitia wasiwasi. Taka zikioza chini bila hewa, majimaji yake huyeyusha chuma cha udongo wetu huu mwekundu, kikifika hewani kinageuka kutu. Kwa hiyo yawezekana maji ya jalala yameshafika kisimani, na hayo hayaji peke yake: kuna kemikali za uozo kama amonia na nitrati, na madini ya risasi ya betri za gari. Majalala ya zamani hayakutandikwa kitu chini, kila mvua inayoingia inashuka na uchafu wake, miaka na miaka.

Na kuchemsha kunaua vijidudu tu. Nitrati na risasi hubaki sufuriani, tena maji yakipungua zinakolea. Shirika la Afya Duniani linataka nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita, risasi 0.01. Kama kuna mtoto mchanga, usimkorogee maziwa kwa maji hayo hata siku moja.

Kassim wa Bombo
Watu wakisikia jalala wanawaza Kiteezi tu, jalala kubwa la Kampala, lilivyoporomoka Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30. Kiteezi lilianza 1996. Taka za Kampala za kabla ya hapo mnadhani zilipaa mbinguni?

Shamba Dogo
Mboga za majani ndizo za kuogopa kwanza, hasa dodo. Majani hukusanya madini yenye sumu, kadimiamu na risasi, kuliko ndizi ya matooke. Mayuni yamenye maganda mazito, udongo ndio unaobeba. Peleka udongo Kawanda kwenye maabara ya kilimo, ila waambie waziwazi unataka wapime madini mazito kama hayo, la sivyo watakupimia mbolea tu. Wakati unangoja, panda kwenye magunia yenye udongo wa kutoka kwingine.

Fundi Visima
Na maji chota chupa mbili: moja kisimani kwako, moja kisima kilicho mteremkoni juu zaidi ya jalala, maji yake hayajapita kwenye taka. Bila ya pili huna cha kulinganisha. Ziweke kwenye barafu, zifike maabara siku hiyohiyo.

Mama Rukia (Wakiso)
Asanteni wanangu. Nimegusa kwa kijiti, umevunjika vipande. Dodo nimeing'oa asubuhi, na jirani mmoja amekasirika eti namnyima mboga. Maji ya kunywa nanunua jerikeni kwenye bomba la barabarani. Ya kisima nafulia, ingawa gomesi yangu nyeupe (gauni letu la heshima) imeshakuwa ya manjano. Kisima cha juu ni cha mzee yuleyule aliyeniambia habari. Kesho namwendea na chupa.